Mboji Inayokula Klorini

Mvua ikinyesha usiku kucha kwenye nyanda za juu upande wa mashariki, wakazi wa mji wa Migori hawangoji redio iwaambie. Alfajiri huutazama tu mto. Maji yanayopita chini ya daraja huwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yana povu kingoni, na juu yake huelea majani, vijiti na mabua ya mahindi. Kaskazini, kwenye ufuo wa Homa Bay, rangi ni nyingine. Maji ya Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria, ni ya kijani, na siku ambazo upepo umelala huwa mazito kama rojo la mrenda, huku gugumaji likitanda hadi kwenye gati.

Rangi hizo mbili zina asili moja. Ni mabaki ya viumbehai: majani yaliyooza shambani, mizizi ya mafunjo, samadi iliyosombwa na mvua, mwani uliozaliwa na kufa ziwani. Sehemu ya mabaki hayo hukaa kama chembe zinazoonekana. Sehemu kubwa huyeyuka kabisa, kama majani ya chai yanavyoacha rangi kwenye maji ya moto. Mkulima anayaita mabaki hayo mboji na kuyashukuru, kwa kuwa ndiyo yanayoupa udongo rutuba. Mtu wa mtambo wa maji anayajua kwa upande wake mwingine. Mboji hiyohiyo ikiingia kwenye bomba la kuchotea, ndiyo inayoamua atatumia shabu kiasi gani, chujio lake litaziba baada ya saa ngapi, na kama klorini atakayoitia itamfikia mnywaji au itaishia njiani.

Jambo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika eneo hili klorini ni ukuta kati ya watu na kipindupindu.

Nyanza, eneo la magharibi mwa Kenya ambamo zimo Migori na Homa Bay, imekwisha kulipa gharama ya ukuta huo kubomoka. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za uliokuwa Mkoa wa Nyanza zilisajili wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 kati yao wakafariki. Watafiti waliofuatilia mlipuko huo walikuta kwamba kunywa maji ya Ziwa Victoria kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaweka watu hatarini. Mapema mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza tena kusambaa nchini, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kupigwa. Kila mara wito huwa uleule: tieni dawa kwenye maji. Wito huo ni wa kweli, ila una sharti ambalo ni nadra kutangazwa. Dawa hufanya kazi pale tu inapobaki.

Sharti hilo linaweza kuonekana mezani, kwa bilauri mbili. Moja ijazwe maji angavu ya mvua, nyingine chai ya rangi iliyopauka sana, isiyo na sukari wala maziwa. Kila bilauri itiwe matone yaleyale machache ya dawa ya kung'arisha nguo, kisha iachwe. Bilauri ya maji ya mvua huendelea kunuka klorini kwa muda mrefu. Ile ya chai hufifia rangi, na harufu ya klorini hufifia pamoja nayo. (Bilauri zote mbili zimwagwe, si za kunywa.) Klorini imeitumia nguvu yake kuunguza rangi ya majani, na haina tena ya kutosha kuua kijidudu. Hivyo ndivyo inavyotokea, kwa mamilioni ya lita, katika kila mtambo unaochota mto uliojaa au ghuba iliyojaa mwani.

BILAURI SITA

Maji ya mto yakifika mtamboni hupita kwenye wavu unaozuia magogo na majani, kisha hutiwa shabu. Wakazi wa kijijini wanaijua shabu kama lile jiwe jeupe linalozungushwa ndani ya ndoo ili tope litulie. Mtamboni kazi yake ni hiyohiyo, ila inahitaji hesabu. Chembe za udongo na molekuli za mboji zote hubeba chaji hasi ya umeme, kwa hiyo hufukuzana na kubaki zikielea. Alumini iliyo ndani ya shabu ina chaji chanya. Inaituliza ile hasi, chembe zinaanza kushikana, na maji yakikorogwa polepole huota mabonge mepesi kama vipande vya pamba. Mabonge huzama kwenye tangi la kutulizia, na yaliyobaki hunaswa na chujio la mchanga.

Kiasi cha shabu hupatikana kwa jaribio ambalo kila mtambo unaojiheshimu hulifanya maji yanapobadilika. Bilauri sita kubwa hupangwa kwenye mstari, kila moja na lita ya maji ya mto. Ya kwanza hutiwa miligramu 10 za shabu, ya pili 20, na kuendelea hadi 60. Makasia madogo huzungushwa kwa kasi kwa dakika moja, kisha polepole kwa robo saa au zaidi, kisha husimamishwa. Anayefanya kazi hiyo huinama macho yakiwa sawa na kioo. Katika bilauri ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya tatu ina vumbi linaloelea. Ya tano ina mabonge yanayoshuka kama theluji, na juu yake maji yameanza kung'aa.

Mboji ndiyo inayoisogeza bilauri ya ushindi kutoka ya pili hadi ya tano. Molekuli zake zimejaa chaji, na huidaka shabu kabla udongo haujaipata. Ndiyo maana maji yenye tope zito la mfinyanzi mara nyingine husafishika kwa urahisi kuliko maji yanayoonekana mepesi lakini yana rangi ya chai. Jicho la mpita njia huhukumu kwa tope, ilhali gharama huamuliwa na kile kilichoyeyuka.

Na gharama yenyewe haifichiki. Miligramu moja kwa lita ni sawa na kilo moja kwa kila mita za ujazo 1,000. Mtambo unaotoa mita za ujazo 1,000 kwa siku, ukilazimika kupanda kutoka miligramu 20 hadi 60 za shabu, unatoka kilo 20 kwa siku hadi 60. Msimu wa masika ukichukua miezi mitatu, hizo ni takriban tani tatu na nusu za ziada, zote za kununuliwa, kusafirishwa na kuhifadhiwa mahali pakavu. Kampuni za maji za kaunti, HOMAWASCO upande wa Homa Bay na MIWASCO upande wa Migori, huendeshwa kwa ada za wateja, na mvua hainyeshi kwa kufuata bajeti.

Anayebana shabu ili kuokoa fedha huzilipa mbele ya safari. Mboji isiyozamishwa kwenye tangi hupita kwenye mchanga bila kunaswa, kwa kuwa imeyeyuka, na hulikuta pipa la klorini.

GHUBA ISIYO NA KINA

Homa Bay ina tatizo lake. Ghuba ya Winam ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,400, lakini kina chake cha wastani hakifiki mita 10, na maji yake huungana na ziwa kubwa kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Mlango wa pili, ule wa Mbita, ulizibwa kwa tuta la barabara miaka ya 1980, na baadaye sehemu ya tuta ikaondolewa na kuwekwa daraja ili maji yapite. Katika karai hilo pana huingia mito kutoka mashamba ya chai, miwa na mahindi, pamoja na maji machafu ya miji. Mbolea inayokosa kuingia kwenye mmea shambani huulisha mwani ziwani.

Gugumaji nalo lilionekana upande wa Kenya wa ziwa kuanzia mwaka 1990 hivi, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000. Wavuvi wa Homa Bay wanakumbuka mitumbwi iliyokwama mchana kutwa. Wanaochota maji kwa pampu wana kumbukumbu nyingine: mizizi iliyoziba wavu, na kisha, mmea ulipokufa na kuzama, maji meusi yenye harufu ya kuoza. Gugumaji linaloelea ni kero. Lililozama ni mboji mpya. Ziwa lenyewe likipanda hufanya vivyo hivyo kwenye nchi kavu. Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa kilichopo Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Nyasi, mashamba na vyoo vya ufuoni vikabaki chini ya maji vikioza.

Mwani humletea msafishaji maji mitego mitatu kwa mpigo. Wa kwanza ni saa. Mchana jua likiwaka, mwani huvuta hewa ukaa kutoka kwenye maji, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hupanda, mara nyingine ikapita 9. Shabu hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu na 6 au 7. Klorini nayo hudhoofika sana pH inapokwenda juu. Maji yaleyale, kutoka bomba lilelile, yanaweza kuhitaji kipimo kimoja saa kumi na mbili asubuhi na kingine saa nane mchana.

Wa pili ni chujio. Seli za mwani ni nyepesi, zina ute, na nyingine zina vifuko vya hewa vinavyozifanya zielee juu ya tangi ambalo lilijengwa ili vitu vizame. Zikifika kwenye mchanga hulifunika chujio kama utando. Hapo mtambo hulazimika kuliosha kwa kuyasukuma maji safi kinyumenyume, yaani kuyatumia maji ambayo yangeuzwa.

Wa tatu ni sumu. Watafiti wa Kenya na Marekani waliochukua sampuli kwenye Ghuba ya Winam miaka ya karibuni walikuta, katika eneo la Homa Bay, wingi wa vinasaba vya kutengenezea sumu ya mikrosistini, pamoja na sainobakteria wa jamii za Microcystis na Dolichospermum. Sumu hiyo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri isizidi mikrogramu moja kwa lita katika maji yanayonywewa miaka yote. Kuchemsha hakuiondoi. Na hapa utaratibu wa kazi ni kila kitu: seli ikiwa nzima, sumu nyingi imo ndani yake, na ikizamishwa nzima huondoka nayo. Anayetia klorini nyingi mlangoni, kwa nia njema ya kuua mwani mapema, huzipasua seli na kumwaga sumu na mboji kwenye maji ambayo sasa hayana budi kusafishwa upya.

KILICHOBAKI BOMBANI

WHO hutaka maji yakimfikia mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, kwa lita. Kiwango cha Afrika Mashariki kinachotumika Kenya hutaka maji yaliyotibiwa yasizidi vipimo 5 vya NTU vya ukungu na vipimo 15 vya rangi. Namba hizo zinategemeana. Maji yanayotoka mtamboni na miligramu 1 ya klorini lakini yamebeba mboji huendelea kuipoteza ndani ya bomba, saa baada ya saa. Mteja wa karibu na tangi hulalamika kwamba maji yananuka dawa. Mteja wa mwisho wa laini, kule mlimani au mtaa mpya wa pembezoni, hunywa maji yasiyo na kinga yoyote.

Mboji hiyo hufanya jambo jingine ndani ya bomba. Ni chakula. Bakteria hujenga utando kwenye ukuta wa bomba na kuishi kwa vipande vya mboji vilivyokatwakatwa na klorini yenyewe. Umeme ukikatika na msukumo wa maji ukashuka, kisha pampu ikawashwa kwa ghafla, utando hubanduka, na ndoo ya kwanza inayokingwa huwa na vipande vyeusi. Akina mama wengi wa mitaani wanaijua ndoo hiyo. Ndiyo wanayoyamwagia maua.

Kuna suala la tatu, ambalo lilijulikana ulimwenguni mwaka 1974. Mkemia wa Uholanzi, Johannes Rook, aliyekuwa akifanya kazi katika huduma ya maji ya Rotterdam, alionyesha kwamba klorini inapokutana na mboji huzaa klorofomu na ndugu zake, kemikali ambazo wakati huo hakuna aliyezitafuta kwenye maji ya kunywa. Mwaka huohuo wanasayansi wa Marekani wakaeleza jambo hilohilo, na mwaka 1979 serikali yao ikaweka kikomo, ambacho baadaye kilishushwa hadi mikrogramu 80 kwa lita kwa jumla ya kemikali nne za kundi hilo. Hofu yenyewe ni ya mtu anayekunywa kwa miongo mingi, na inahusishwa na saratani.

Habari hii ikisomwa vibaya inaweza kuua. WHO imeandika wazi kwamba kusiwe na jaribio la kupunguza kemikali hizo kwa kudhoofisha uuaji wa vijidudu. Kipindupindu huua mtoto kwa saa chache. Njia salama ni moja: iondolewe mboji kwanza, ndipo klorini itiwe, kwa kiasi kidogo kinachotosha. Hapo kemikali hupungua, harufu hupungua, na kinga hudumu hadi mwisho wa laini.

DAPI, JERIKENI NA MLONGE

Wakazi wengi wa kaunti hizi mbili hawajafikiwa na bomba. Maji yao yanatoka mtoni, ziwani au kwenye bwawa la mifugo, kwa jerikeni la lita 20 kichwani au juu ya punda. Mtambo wao ni jikoni, na sheria ya mboji inawafuata hadi huko. Maelekezo ya dawa ya chupa yanajua hivyo: kifuniko kimoja kwa maji angavu, viwili kwa maji machafu, kisha nusu saa ya kungoja. Kile kifuniko cha pili ni posho ya mboji na tope.

Faida ya kuondoa kwanza na kuua baadaye ilipimwa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2005. Maboma 605 yaligawanywa makundi matatu: moja likapewa kipakiti chenye kigandishi na klorini pamoja, la pili klorini peke yake, la tatu likaendelea na desturi yake. Maji ya waliotumia kipakiti yalishuka hadi wastani wa vipimo 8 vya ukungu, ya wengine yakabaki 55. Katika wiki 20 vilitokea vifo 14 kwenye kundi la kipakiti, 17 kwenye kundi la klorini, na 28 kwenye kundi ambalo halikupewa kitu. Klorini peke yake iliokoa watu hata katika maji yale machafu, na hilo lisisahauliwe na yeyote aliye na chupa ya dawa nyumbani.

Mbegu za mlonge nazo husifiwa sana, na kwa haki. Zikitwangwa na kukorogwa ndani ya ndoo, protini yake hushika tope kama shabu inavyoshika. Lakini mbegu ni mmea, na unga wake huacha mabaki ndani ya maji. Yakilazwa siku moja au mbili huanza kunuka, na yakitiwa klorini sehemu yake huliwa na unga huo. Anayetumia mlonge afanye kwa maji ya siku hiyohiyo: akoroge, aache yatulie, amimine taratibu kupitia kitambaa safi, kisha ndipo atie dawa. Dapi, yaani mtungi wa udongo, lenye mfuniko, lililosuguliwa utando wake wa ndani, litayahifadhi yakiwa baridi.

KABLA YA MLANGO WA MTAMBO

Kampala imepitia njia ambayo miji ya Ghuba ya Winam inaitazama kwa makini. Kwa miongo mingi mji huo ulichota maji Ggaba, kwenye Ghuba ya Murchison, ambamo mifereji ya mji wenyewe huishia. Mwani ulivyozidi ndivyo kemikali zilivyozidi. Hatimaye shirika la maji la Uganda lilijenga mtambo mwingine Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hiyo, penye maji safi zaidi. Kuhamisha mdomo wa bomba ni ghali, lakini hulipwa mara moja. Shabu hulipwa kila siku. Homa Bay, ambayo ilikuwa pamoja na Kisii na Bondo katika mpango wa UN-Habitat wa maji ya miji ya Ziwa Victoria ulioanza mwaka 2004, ina swali hilohilo mbele yake kila inapopanga upanuzi: bomba liingie umbali gani ziwani, na kina gani, ili liepuke utando wa mwani juu na matope chini.

Upande wa Migori swali liko mtoni. Mto Kuja huteremka kutoka nyanda za Kisii na Nyamira, hukutana na Mto Migori, kisha huingia ziwani Nyatike, eneo ambalo mafuriko hulijia karibu kila masika. Ukanda wa miti na nyasi kingoni, mafunjo yaliyoachwa yasimame, na shamba lisilolimwa hadi ukingoni hupunguza kasi ya maji ya mvua ya kwanza, ile inayosomba mboji nyingi kuliko zote. Kwa Migori kuna sababu ya ziada. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wa Macalder na kwingineko, wametumia zebaki kwa miaka mingi, na zebaki hushikamana na mboji na kusafiri nayo hadi kwenye matope ya ziwa. Humo bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki. Anayeizuia mboji kingoni mwa mto anaizuia na zebaki iliyoibeba.

Hadi hayo yote yafanyike, kuna kipimo ambacho afisa wa afya hukibeba mfukoni. Huenda kwenye bomba la mwisho kabisa la laini, siku ya pili baada ya mvua kubwa, akaliacha lichuruzike dakika moja. Hujaza kichupa cha kioo, hudondosha kidonge kimoja cheupe, hufunga na kutikisa. Kukiwa na klorini, maji hugeuka rangi ya waridi, na hulinganisha waridi hilo na kadi yake. Wenye mitungi hunyamaza wakimtazama. Rangi isipotokea, hufungua daftari, huandika sifuri, jina la mtaa na saa, na kuwaambia akina mama waliopanga foleni kwamba maji haya leo yatiwe dawa nyumbani.